Jua Linalopenya Kioo cha Chumba cha Rubani

Rubani anayerusha ndege katika kimo cha futi 30,000, sawa na takribani mita 9,100 kutoka usawa wa bahari, anaweza kupokea ndani ya dakika 57 hivi kiasi cha mionzi ya urujuanimno kinacholingana na kile anachopokea mtu aliyelala kwa dakika 20 ndani ya kitanda cha taa za kubadili rangi ya ngozi. Hayo ni matokeo ya vipimo vilivyochapishwa mwishoni mwa mwaka 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, katika jarida la magonjwa ya ngozi la Chama cha Madaktari cha Marekani.

Takwimu hiyo ina sifa ya ajabu: inaweza kumtisha abiria ambaye haimhusu sana, na papo hapo ikapuuzwa na rubani ambaye inamhusu, kwa kuwa hajawahi kuona ngozi yake ikiungua akiwa kazini. Ili ieleweke, ni lazima kwanza kufahamu ni mionzi gani iliyopimwa, ilipenyaje, na kwa nini anayeipokea hana njia ya kuihisi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata huo mfano wa kitanda cha taa unahitaji maelezo. Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, wapo watu wenye ngozi nyeupe wanaolipa fedha ili walale ndani ya kifaa chenye taa za urujuanimno, ngozi zao zipate rangi ya hudhurungi kana kwamba walishinda ufukweni. Mwezi Julai 2009, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), liliviingiza vifaa hivyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lile lile lenye moshi wa tumbaku. Mwaka huohuo Brazil ikavipiga marufuku. Watafiti wa California, kwa hiyo, hawakutafuta mfano wa kuchangamsha mazungumzo, bali walichagua kifaa ambacho madhara yake yalikwisha kukubalika.

Vipimo vyenyewe vilifanyika mwezi Aprili, majira ya saa sita mchana, katika maeneo ya San Jose, jimbo la California, na Las Vegas, jimbo la Nevada. Ndege iliyotumika haikuwa ndege kubwa ya abiria. Ilikuwa ndege ndogo ya pangaboi, na kioo chake cha mbele kilitengenezwa kwa plastiki ngumu ya akriliki. Kifaa cha kupimia kiliwekwa mahali anapoketi rubani, kikasoma kiwango cha mionzi ndege ikiwa chini na ikiwa katika vimo mbalimbali. Mionzi ya kundi B ilikuwa karibu na sifuri. Mionzi ya kundi A ilipenya, na ilizidi kadiri ndege ilivyopanda. Ni vyema ikakumbukwa tangu mapema kwamba hiyo ni ndege moja, kioo cha aina moja na msimu mmoja wa mwaka.

Makundi matatu ya mionzi

Mwanga wa jua unapopita katika matone ya mvua hugawanyika kuwa rangi za upinde, kuanzia nyekundu hadi urujuani. Baada ya urujuani jicho la binadamu halioni kitu, lakini mionzi haikomi hapo. Ile inayofuata ndiyo iitwayo urujuanimno, na wanasayansi huigawa kwa urefu wa mawimbi yake. Kundi A lina mawimbi ya nanometa 315 hadi 400, kundi B nanometa 280 hadi 315, na kundi C nanometa 100 hadi 280. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo nguvu yake inavyokuwa kubwa.

Kundi C, lenye nguvu kuliko yote, huzuiwa kabisa na angahewa kabla ya kufika ardhini. Sehemu kubwa ya kundi B nayo humezwa na tabaka la ozoni. Kundi A hupita karibu lote, na ndiyo maana takribani asilimia 95 ya mionzi ya urujuanimno inayomfikia mtu aliyesimama ardhini ni ya kundi hilo.

Tabaka la ozoni limejikusanya zaidi kati ya kilometa 15 na 35 kutoka ardhini. Ndege za abiria hupaa kati ya kilometa 9 na 12, yaani chini ya sehemu kubwa ya ozoni hiyo, na hivyo bado hunufaika na kinga yake. Kinachokosekana juu ya rubani ni hewa yenyewe. Katika kimo cha kilometa 10, takribani robo tatu ya uzito wote wa angahewa huwa chini ya ndege. Hewa hiyo iliyobaki chini ndiyo ambayo kwa kawaida hutawanya na kupunguza mionzi. WHO hukadiria kwamba mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na katika kimo cha safari cha ndege za abiria kiwango chake huwa karibu maradufu ya kile cha ardhini.

Yapo pia mawingu. Kwa mkulima aliye shambani, wingu zito ni mwavuli. Kwa rubani anayepita juu yake, wingu hilohilo hugeuka kioo cha kujitazamia: huakisi mionzi na kuirudisha juu, ikamfikia kutoka upande ambao kofia wala kizuia jua cha juu ya kioo haviusaidii. Watafiti wa California walieleza kuwa mawingu mazito na theluji vinaweza kuakisi hadi asilimia 85 ya mionzi ya urujuanimno. Theluji si jambo la kila siku katika anga ya Tanzania, ukiondoa kilele cha Kilimanjaro, lakini mawingu meupe yaliyotandaa juu ya Ziwa Victoria au Bahari ya Hindi hayahitaji kuelezewa kwa mtu aliyewahi kusafiri kwa ndege.

Kengele iliyokatwa waya

Mtu anayeota jua kupita kiasi huonywa na mwili wake. Ngozi hubadilika rangi, huwasha, huuma, na baada ya siku chache hubambuka. Maumivu hayo ni kengele, na inayoipiga kwa sehemu kubwa ni mionzi ya kundi B. Kundi A huweza kuunguza ngozi, lakini kwa kiwango kikubwa zaidi mno.

Kioo huzuia kundi B. Hilo ni kweli kwa kioo cha nyumba, cha gari na cha ndege. Kundi A nalo, kutegemea kioo, huzuiwa kidogo, nusu au karibu lote. Matokeo yake ni kwamba mtu aliye nyuma ya kioo huondolewa kengele, ilhali sehemu ya hatari inaendelea kuingia. Mionzi ya kundi A hupenya ndani zaidi ya ngozi kuliko kundi B, hufika kwenye tabaka lenye nyuzi zinazoifanya ngozi iwe imara na yenye kunyumbuka, na huharibu vinasaba vya seli kwa njia ya kuzalisha kemikali kali ndani yake. Hayo yote hutendeka bila maumivu. Rubani anayesema kwamba hajawahi kuungua na jua akiwa kazini anasema kweli. Ila ukweli huo hauthibitishi kwamba hakuna kilichopenya.

Mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili hautoki angani bali barabarani. Mwaka 2012, jarida la tiba la New England nchini Marekani lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69 aliyekuwa ameendesha gari la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Nusu ya kushoto ya uso wake, ile iliyokuwa upande wa dirisha, ilikuwa imekunjamana na kuwa nene kana kwamba ni ya mtu mwingine mwenye umri mkubwa zaidi; nusu ya kulia ilikuwa ya kawaida. Kioo cha dirisha la pembeni kilikuwa kimezuia kundi B na kupitisha kundi A kwa karibu miongo mitatu. Katika nchi zinazoendesha gari kwa upande wa kushoto wa barabara, kama Tanzania, Kenya na Uganda, dereva wa basi la mikoani huketi kulia, na mkono wake wa kulia ndio ulio dirishani.

Kioo kilichotengenezwa kwa ajili ya ndege aina ya tai

Kwa nini basi kioo cha ndege, kifaa cha gharama kubwa na kilichopitia majaribio mengi, kisizuie mionzi yote? Jibu ni kwamba hakikuombwa kufanya hivyo. Kioo cha mbele cha ndege kubwa ni tabaka kadhaa za kioo na plastiki zilizoshikamanishwa. Ndani yake umo utando mwembamba unaopitisha umeme na kukipasha joto ili barafu isigande juu yake na ili plastiki ya katikati isiwe ngumu na kupasuka kwa baridi. Kanuni za Marekani zinazotumika kuidhinisha ndege kubwa za usafirishaji hutaka kioo hicho kihimili kugongwa na ndege wa uzito wa ratili 4, takribani kilo 1.8, katika mwendo wa safari, bila kutobolewa. Hutaka pia rubani aone nje vizuri hata mvua ikinyesha. Kuhusu kiasi cha urujuanimno wa kundi A kinachoruhusiwa kupita, kanuni hizo za nguvu ya kioo hazina kikomo.

Kwa hiyo kila mtengenezaji huchagua vifaa vyake kwa kuzingatia nguvu, uzito na uwazi, na kinga dhidi ya kundi A huja kama bahati: plastiki ya aina fulani huimeza, ya aina nyingine huiachia. Mwaka 2007, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani ilichapisha ripoti ya vipimo vya vioo 8 kutoka ndege za aina mbalimbali, kuanzia za abiria hadi ndogo za injini moja. Vyote vilizuia kundi B vizuri, chini ya asilimia 1 tu ikipita. Kwa kundi A, tofauti ilikuwa ya kushangaza: kipo kilichopitisha chini ya asilimia 1, na kipo kilichopitisha zaidi ya nusu. Kwa ujumla vya plastiki vilizuia zaidi kuliko vya kioo.

Jambo hilo linapindua dhana ya kawaida. Mtu angetarajia kwamba rubani wa ndege kubwa ya kisasa amekingwa kuliko mwenzake wa ndege ndogo inayopeleka watalii Serengeti. Inawezekana ikawa hivyo, na inawezekana ikawa kinyume chake. Hata neno plastiki pekee halitoshi, maana ile akriliki ya California ilikuwa plastiki nayo, na mionzi ikapita. Wala kutazama kwa macho hakusaidii, kwa kuwa vioo viwili vinavyoonekana angavu kwa kiwango kilekile vinaweza kutofautiana mara kumi au zaidi katika mionzi isiyoonekana.

Ushahidi uliopo na mashaka yake

Swali linalofuata ni la haki kabisa: je, marubani huugua zaidi? Mwaka 2002, jarida la tiba la Uingereza lilichapisha utafiti uliofuatilia marubani wanaume zaidi ya 10,000 wa Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden kwa kutumia daftari za kitaifa za saratani. Kwa jumla hawakuwa na saratani nyingi kuliko wananchi wengine. Palipozidi ni kwenye ngozi tu. Melanoma, ambayo ni saratani hatari inayoanzia katika seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ilionekana kwao mara 2.3 ya kiwango kilichotarajiwa.

Mwezi Septemba 2014, miezi michache kabla ya kutangaza vipimo vyao vya angani, watafiti wa San Francisco walikuwa wamekusanya tafiti 19 zenye washiriki zaidi ya 266,000. Marubani walikuwa na melanoma mara 2.2 ya watu wengine. Wahudumu wa ndani ya ndege walikuwa na mara 2.1.

Takwimu hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kumfanya msomaji makini asite kidogo. Mhudumu wa ndege haketi mbele ya kioo kikubwa cha rubani. Hutembea katikati ya viti, mbali na madirisha madogo ambayo mara nyingi yameshushiwa pazia. Ikiwa naye ana hatari inayokaribiana na ya rubani, basi kioo cha chumba cha rubani hakiwezi kuwa maelezo yote. Wapo wanaotaja mionzi kutoka anga za mbali, wapo wanaotaja kazi ya usiku na kuvuruga saa ya mwili. Wapo pia wanaotaja jambo la kawaida kabisa: mtu wa Ulaya ya kaskazini anayefanya kazi ya ndege hupata nafasi nyingi za kulala ufukweni katika nchi zenye jua, na kuungua huko kunaweza kuandikwa kwenye hesabu ya kazi yake.

Aidha, tafiti nyingi kati ya hizo ziliwahusu watu waliofanya kazi miongo mingi iliyopita. Mwaka 2019, uchunguzi wa marubani wa kibiashara wa Australia kwa kipindi cha 2011 hadi 2016 ulionesha kwamba kiwango chao cha melanoma iliyokwisha kupenya ndani hakikutofautiana kwa uzito na cha wananchi wengine, ingawa ile ya hatua ya awali kabisa ilizidi kidogo. Australia ni nchi ambayo kila mtu, awe rubani au karani, amepigwa na jua tangu utotoni. Kwa hiyo utafiti huo haufuti ule wa nchi za kaskazini, lakini unazuia mtu kusema kwa uhakika kwamba kurusha ndege kunaongeza hatari maradufu popote duniani.

Kwa marubani weusi, takwimu hizo hazihamishiki moja kwa moja. Melanini iliyo nyingi katika ngozi nyeusi ni kinga halisi dhidi ya urujuanimno, na melanoma kwa Waafrika ni nadra. Inapotokea, mara nyingi huwa kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, sehemu ambazo jua si chanzo chake kikuu. Hali ni tofauti kabisa kwa watu wenye ualbino, ambao katika nchi za tropiki huandamwa na saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Ni kwa ajili yao losheni ya kukinga jua hutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC. Rubani mweusi hayuko katika kundi hilo, na kumwambia kwamba yuko katika hatari ileile ya rubani wa Norway si kumtendea haki.

Macho, hata hivyo, hayana rangi ya kutegemea. Lenzi ya jicho la mtu mzima humeza sehemu kubwa ya mionzi ya kundi A, iwe ya Mwafrika au ya Mzungu, na kujikusanya kwa madhara ya urujuanimno ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za mtoto wa jicho. Mwaka 2005, watafiti wa Iceland waliowachunguza wanaume 445, wakiwemo marubani 79, waliripoti kwamba aina ya mtoto wa jicho inayoanzia katikati ya lenzi ilijitokeza zaidi kwa marubani. Wao waliihusisha na mionzi kutoka anga za mbali. Vyovyote chanzo kitakavyokuwa, kwa rubani jicho ni leseni. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinataka rubani wa kibiashara apimwe afya kila baada ya miezi 12, na kila miezi 6 akishafikisha miaka 60, au miaka 40 ikiwa anarusha abiria peke yake bila rubani mwenza. Uwezo wa kuona ni sehemu ya vipimo hivyo.

Mionzi miwili isiyofanana

Mara nyingi urujuanimno huchanganywa na mionzi kutoka anga za mbali iliyotajwa hapo juu, na mkanganyiko huo una gharama. Mionzi ya anga za mbali ni chembe zenye nishati kubwa sana zinazopita katika bati la ndege, katika kiti na katika mwili, na hakuna pazia linaloizuia. Mwaka 1990, Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilipendekeza wafanyakazi wa ndege wahesabiwe kuwa watu wanaopokea mionzi hiyo kazini. Umoja wa Ulaya uliingiza pendekezo hilo katika sheria zake, na mashirika ya ndege ya huko hutakiwa kukadiria kipimo cha kila mfanyakazi anayeweza kuvuka milisiveti 1 kwa mwaka.

Urujuanimno wa jua haumo katika utaratibu huo. Wala mgawanyo wake duniani haufanani. Sumaku ya dunia hukinga maeneo ya ikweta dhidi ya chembe za anga za mbali kuliko inavyokinga maeneo ya karibu na ncha, hivyo rubani wa njia ya Dar es Salaam hadi Mwanza hupokea kidogo kuliko anayevuka kaskazini mwa Atlantiki kwa kimo na muda uleule. Kwa jua ni kinyume. Katika ukanda wa ikweta, kipimo cha urujuanimno kinachotumiwa na WHO mara kwa mara hufikia 11 au zaidi siku za anga safi majira ya adhuhuri, daraja ambalo shirika hilo huliita la kupindukia. Kwa maneno mengine, utaratibu uliopo humwangalia rubani wa kaskazini kwa mionzi inayompata zaidi yeye, na haujamfikia rubani wa tropiki kwa mionzi inayompata zaidi huyu.

Kinga iliyo mikononi mwa rubani

Tofauti nyingine kati ya mionzi hiyo miwili ni ya kutia moyo: urujuanimno huzuiwa na kitambaa. Shati la mikono mirefu lililofumwa vizuri hufanya kazi ambayo kioo cha mamilioni ya fedha hakikuifanya. Kizuia jua cha ndani ya chumba cha rubani nacho husaidia, mradi hakimzuii kuangalia nje, ambako ni wajibu wake.

Kuhusu losheni, namba inayoandikwa kwenye chupa, kama 30 au 50, hueleza hasa kinga dhidi ya kuungua, yaani dhidi ya kundi B. Rubani anayenunua losheni kwa kuangalia namba hiyo peke yake huenda akawa anajikinga na kitu ambacho kioo kilikwisha kukizuia. Anachopaswa kutafuta ni maandishi yanayosema kuwa inakinga pia dhidi ya UVA. Katika bidhaa za soko la Ulaya herufi hizo huwekwa ndani ya duara. Losheni nzito zenye asili ya petroli hazishauriwi kwa mtu anayeweza kulazimika kuvaa barakoa ya oksijeni, kwa sababu mafuta ya aina hiyo na oksijeni safi vinaweza kuwaka moto.

Miwani ina mitego yake. Lenzi nyeusi si lazima iwe lenzi inayokinga: isipozuia urujuanimno, giza lake hufanya mboni itanuke na kuruhusu mionzi mingi zaidi kuingia. Lenzi zinazofaa ni zile zilizoandikwa kuwa zinazuia hadi nanometa 400, na rangi ya kijivu hupendekezwa kwa kuwa haipotoshi rangi za taa na alama. Lenzi za polaroidi, ambazo wavuvi na madereva huzipenda kwa kuondoa mng'aro, hazipendekezwi kwa marubani, kwani zinaweza kufifisha skrini za ndege na kuonesha madoa juu ya kioo cha mbele chenye tabaka. Zile zinazojigeuza kuwa nyeusi zenyewe juani nazo hukwama kwa sababu inayoeleweka: hugeuzwa na urujuanimno, na nyuma ya kioo kinachozuia sehemu ya mionzi hiyo zinaweza kubaki nyeupe ilhali mwanga ni mkali.

Katika ukaguzi wa afya wa kila mwaka, rubani anaweza kumwonesha daktari doa lolote la ngozi lililobadilika umbo, kingo au rangi, au linalozidi milimita 6 na kuendelea kukua. Kwa mwenye ngozi nyeusi, nyayo na kucha ndizo za kuangaliwa kwanza.

Abiria wa kawaida hana sababu ya kubadili kiti. Safari yake ya saa moja na nusu mara chache kwa mwaka haiwezi kulinganishwa na saa mamia kadhaa za kazi, na pazia la dirisha liko karibu na mkono wake. Mwenye ualbino, au anayetumia dawa zinazoifanya ngozi iwe nyepesi kudhuriwa na mwanga, ndiye mwenye sababu ya kulishusha.

Kwa mashirika na wamiliki wa ndege, hatua ya kwanza si kubadilisha vioo. Kioo cha ndege ni sehemu iliyoidhinishwa, na hata kubandika karatasi ya kuzuia mionzi juu yake bila idhini ni kuibadilisha ndege. Hatua ya kwanza ni kupima. Kiasi cha mionzi kilichoko nje hubadilika kwa kimo, saa na msimu, lakini sehemu ambayo kioo huipitisha ni sifa ya kioo chenyewe, na inaweza kujulikana ndege ikiwa imeegeshwa nje ya karakana saa sita mchana: kifaa cha kupimia urujuanimno wa kundi A husomwa kikiwa nje ya kioo, kisha kikiwa ndani kwenye upande uleule wa jua, na namba ya pili hugawanywa kwa ya kwanza. Dirisha la pembeni hupimwa peke yake, kwa sababu si lazima liwe la tabaka zilezile za kioo cha mbele, nalo ndilo lililo karibu zaidi na shavu la rubani.